Yupo, Yuko, Yumo: Maisha ya Mama Daftari

Alhamisi ya tarehe 14 Machi mwaka huu wa 2024, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa nachambua mchele kwenye meza ya jikoni, nusu ya sinia imeshasafishwa na nusu bado, mume wangu akanipigia simu kutoka hospitali akasema, "Mama ametutoka," nami nikamjibu, "Sawa, nakuja," nikaweka sinia juu ya friji ili paka asilifikie, nikazima jiko, nikavaa viatu, nikatoka.

Mchungaji, viongozi wa kanisa, wafanyakazi wa hospitali, majirani na ndugu wote mliofika leo Jumamosi, mimi ni mke wa mtoto wake wa kwanza, na familia imenichagua kusoma historia hii kwa sababu watoto wake wa kuwazaa walijaribu jana sebuleni mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyevuka sehemu ya shule ya msingi bila kushindwa kuendelea kusoma. Mimi nimeonekana ninaweza. Nikisoma kwa sauti kavu msinifikirie vibaya, nimeamka saa kumi alfajiri jana na leo kupokea wageni, na sijapata nafasi ya kujiuliza ninajisikiaje.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1951, katika nyumba namba kumi na saba ya wafanyakazi wa reli, mstari wa pili kutoka kwenye tangi la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa mwangalizi wa ishara za treni na mama yake akifua nguo za watu. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja, na treni zilipita hatua thelathini kutoka kizingitini, kwa hiyo kila honi ilipolia mama yake alisimama mlangoni akaita watoto wote mmoja mmoja, na asiyeitika alifuatwa alipo, hata kama mboga inaungua. Marehemu alituambia mara nyingi kwamba hilo ndilo jambo la kwanza analolikumbuka duniani, kuitwa na kuitika. Alibatizwa tarehe 30 Septemba mwaka huohuo katika kanisa hilihili la Methodisti tulimo sasa, ambalo wakati huo lilikuwa kanisa la watu wa reli, na Jumapili mabenchi yote kumi na mawili yalijaa mpaka wengine wakasimama dirishani.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1959, shule iliyokuwa nyuma ya ghala la makaa, akamaliza mwezi Novemba 1965, wa kwanza darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, jambo ambalo mliosimama naye kwaya mnaweza kulithibitisha. Alipata nafasi ya kuendelea na masomo, lakini mwezi ule mama yake alianza kuugua mgongo, nguo za watu zikawa hazina mfuaji, akabaki nyumbani akafua. Hakuwahi kutulalamikia jambo hilo, ila mtu akisema mbele yake kwamba hesabu ni ngumu, alikuwa akinyoosha mkono na kusema, "Hebu nipe mimi hiyo kalamu."

Tarehe 2 Januari 1969 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali ileile aliyofia, kwenye chumba cha chini kilichokuwa na mashine tatu, kikausho kimoja, na madirisha ambayo kwa sababu ya mvuke hayakuonyesha kitu hata mchana. Alifanya kazi pale miaka thelathini na saba na nusu, akastaafu tarehe 30 Juni 2006 akiwa msimamizi wa chumba. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu mambo yote aliyoyafanya kanisani aliyatoa kwenye mashuka.

Alipoanza kazi, mashuka yalikuwa yanapotea, na metroni, mkuu wa wauguzi wa wakati huo, alikuwa akishuka ngazi kila Jumatatu akipiga kelele kwamba mashuka hayapo, mashuka hayapo, na msichana mmoja alikuwa karibu kufukuzwa kazi. Marehemu akachukua daftari la kawaida la shule, akalipiga mistari kwa rula, akaweka safu tatu. Shuka lililokuwa rafuni, unaloweza kuligusa, aliliandika lipo, lililokuwa wodini aliliandika liko, na pembeni akaandika jina la wodi, na lililokuwa ndani ya mashine au ndani ya kikapu cha nguo chafu aliliandika limo. Safu ya nne, ya halipo, hakuichora kabisa, na kanuni yake ilikuwa kwamba mtu haruhusiwi kuandika halipo mpaka aende kwa miguu yake, wodi kwa wodi, akaone kwa macho yake. Metroni alilitazama lile daftari akamuuliza, "Wewe binti, umekuja kufua au kunifundisha Kiswahili?" naye akajibu, "Vyote viwili, Mama Mkubwa." Mashuka arobaini na mawili yalipatikana wiki ileile kwenye kabati la wodi ya wazazi, yule msichana akabaki kazini, na ndiye bibi aliyekaa pale benchi la mbele kwenye kiti cha magurudumu, ambaye wengi mnamwita Bibi wa Ghorofa ya Nne.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa hapa kanisani na fundi wa mabehewa, baba mkwe wangu, mtu mpole ambaye siku hiyo alichelewa kwa sababu behewa lilikuwa limetoka relini na hakukuwa na fundi mwingine. Mchungaji aliuliza mara ya pili, "Bwana arusi yupo?" watu wakaanza kuangaliana, na bibi arusi akageuka mwenyewe na shela lake akajibu, "Yuko karakana, anakuja," akakaa chini kusubiri. Alikuja saa moja baadaye na grisi kwenye vidole, na pete ikateleza bila shida.

Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza, mume wangu, alizaliwa tarehe 9 Februari 1973, wa pili, binti, tarehe 21 Mei 1975, wa tatu, mvulana, tarehe 4 Julai 1978, ambaye aliaga dunia tarehe 11 Aprili 1979 kwa homa ya siku mbili, na wa nne, binti, tarehe 16 Oktoba 1983. Baba mkwe alifariki tarehe 25 Januari 2001. Marehemu mama ameacha wajukuu saba, wakiwemo pacha wangu, na kwa sababu ya pacha hao ndipo nilipofanya kosa ambalo nitalieleza sasa, maana familia imekubaliana kwamba bila kulieleza historia hii haitakuwa ya kweli.

Mwaka 1976 marehemu alichaguliwa kuwa kiongozi wa darasa, na kwa wageni wetu nieleze kwamba darasa kwetu Wamethodisti si chumba cha shule, ni kikundi kidogo kinachokutana kila wiki, watu wanaulizana hali ya roho na hali ya mwili. Alikabidhiwa daftari la mahudhurio, akaenda nyumbani akalipiga mistari, yupo, yuko, yumo, kama alivyofanya kwa mashuka, na tangu siku hiyo akaitwa Mama Daftari. Aliyekaa kwenye benchi aliandikwa yupo. Aliyekuwa mahali pengine panapojulikana, kazini, safarini, kwa binti yake, aliandikwa yuko, na mahali penyewe pembeni. Aliyefungiwa ndani na ugonjwa au uzee, au aliyekuwa kizuizini, aliandikwa yumo. Hayupo hakumwandika mtu, na ukikosa Jumapili mbili alikuwa mlangoni kwako Jumatatu, hasemi neno la kukulaumu, anasema tu, "Nimekuja kuona nikuandike wapi."

Treni zilipunguzwa, karakana ikafungwa mwaka 1994, nyumba za reli zikahamwa na watu, na kanisa likabaki na mabenchi kumi na mawili na watu wanaotosha mabenchi mawili. Nilipoolewa katika familia hii mwaka 2004 tulikuwa kumi na wanne. Mwaka 2009 tulikuwa tisa. Dari lilivuja upande wa mimbari, mhubiri alikuja mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine marehemu alisoma somo, tukaimba nyimbo mbili vibaya, tukaenda nyumbani. Nitasema ukweli kwamba mimi binafsi nilikuwa nakwenda kwa heshima ya mama mkwe tu, nikikaa karibu na mlango.

Mwezi Januari 2010 ilikuja fomu ya mwaka kutoka ofisi ya sakiti, yaani kundi la makanisa yaliyo chini ya msimamizi mmoja. Marehemu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na alikuwa akisubiri kupasuliwa, kwa hiyo daftari alinipa mimi, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma sekondari, jaza." Pacha walikuwa na miezi sita, mmoja begani na mwingine analia sakafuni, na swali la nne la fomu lilisema, idadi ya waumini mlio nao. Nilitazama daftari, nikaona yupo tisa, yuko kumi na wanne, yumo kumi na mmoja, sikufikiri, nikajumlisha. Nikaandika thelathini na nne. Yeye akatia sahihi pale nilipomwekea kidole, na fomu ikaenda.

Mwezi Februari barua ikaja. Ilisema kwamba makanisa yote yenye watu wa Jumapili chini ya kumi na wawili yataunganishwa na kanisa kubwa la mjini na kurudisha funguo ifikapo Pasaka, na kwamba kanisa letu, kwa ukuaji wake wa kutia moyo, halimo katika orodha hiyo, na msimamizi wa sakiti mwenyewe atakuja Jumapili ya tarehe 21 Machi kutupongeza na kupiga picha ya jarida. Niliisoma barua ile mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikamweleza mama mkwe nilichofanya, nikasubiri anigombeze. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniuliza, "Kumbe wangetufunga?" nikasema ndiyo, wangetufunga, na sasa watatufunga kwa sababu ya uongo, akasema, "Uongo uko wapi? Hesabu yako ni sahihi, fomu ndiyo haijui kuuliza."

Msimamizi alikuja na gari na kamera. Yupo leo, ameshastaafu, amekaa mstari wa pili na mkongojo wake, nikikosea atanisahihisha. Alisimama mimbarini akatutazama, akahesabu kwa macho, akahesabu tena kwa kidole, na baada ya ibada alimwita marehemu pembeni, mimi nikiwa nyuma yake na mtoto mgongoni, akamuuliza kwa upole, "Mama, hao ishirini na watano wengine wako wapi?" Nilifungua mdomo kusema kosa ni langu, mama mkwe akanitangulia, "Umeuliza vizuri, Mchungaji. Wako. Gari lako liache hapa, kwa sababu njia nyingine halipiti. Viatu hivyo vinatembea?" Msimamizi akatazama viatu vyake vipya, akasema vitajaribu.

Tulitoka saa tano asubuhi. Mama mkwe hakuwa akiona vizuri, akashika mkono wangu, na daftari likawa chini ya kwapa la msimamizi, ambaye ilibidi asome mwenyewe jina na mahali kila tulipofika. Ghorofa ya nne ya nyumba ndefu karibu na soko, yumo, magoti, tukamkuta bibi aliyekuwa dobi mwenzake, ambaye alikuwa hajashuka ngazi zile kwa miezi kumi na minne, na aliyemwona msimamizi akahema mlangoni akasema, "Pole baba, sasa unajua kwa nini siji." Hospitali, yuko, zamu, tukawakuta madobi watatu na mlinda lango mmoja ambao kila Jumapili wako kazini, na mlinda lango aliomba asomewe somo la siku hiyo palepale, magari yakipita, akiinua kizuizi kwa mkono mmoja na kuvua kofia kwa mwingine. Tukaenda kwa dereva wa lori ambaye hakuwepo, lakini mkewe alileta simu, dereva akasalimia kutoka barabarani na kuuliza kama bado tunaimba vibaya. Kwenye mlango wa saba msimamizi alisimama na daftari, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, "Yuko nyumbani, amenuna." Mama mkwe akasema, "Ndiyo, miaka mitatu sasa, waligombana na katibu juu ya viti vya plastiki." Mlango ukafunguka, na mwenye nyumba, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akasema, "Kumbe mmeniandika?" Halafu akasema, "Miaka mitatu yote mnaniandika?" akatukaribisha ndani tukapewa maji ya kunywa, na Jumapili iliyofuata alikuja na viti vyake mwenyewe. Ndiye katibu wetu wa sasa, na anajua kwamba tunamwita Aliyenuna, ameruhusu nisome.

Tulirudi saa kumi jioni. Msimamizi alikaa kwenye benchi akavua kiatu kimoja, na nakumbuka alisema, "Mama, mimi nina makanisa kumi na tisa, na sijui walipo watu wangu hata nusu." Hakuahidi kitu. Alisema sheria ya kumi na wawili si yake peke yake, atatuombea mwaka mmoja, na mwaka ukiisha ataleta fomu ileile na swali lilelile.

Mwaka huo ndio marehemu aliouita mwaka wa miguu. Aliwaambia wale tisa kwamba kwa muda wa miaka kumi na tano tumekuwa tukikaa hapa ndani tukiwaombea watu waje, na watu wanajulikana walipo, wameandikwa, kwa nini tusiende. Ibada ya Jumapili ikafupishwa kuwa saa moja, kisha tukagawanyika watatu watatu, kila kundi na ukurasa wake. Darasa la Alhamisi likahamia chumba cha dobi hospitalini, saa saba mchana wakati wa mapumziko, tukikaa juu ya vikapu vya nguo, mashine zikiwa zimezimwa isipokuwa moja iliyogoma kuzimika, tukawa tunaomba kwa kupiga kelele. Kule ghorofa ya nne tulifanya ibada kwenye ngazi, kwa sababu chumba cha bibi kilikuwa kidogo, na majirani wakafungua milango kuuliza kuna msiba gani, wakaambiwa hakuna msiba, ni kanisa, wengine wakafunga milango na wengine wakaleta stuli. Wanne kati ya hao hawakuwa wa dhehebu letu na wawili hawakuwa wa dhehebu lolote. Muuguzi mmoja alituomba tumtembelee mgonjwa asiye na ndugu, tukaenda, akaomba tena. Mimi mwenyewe siwezi kuwaambia ni siku gani niliacha kukaa karibu na mlango, nadhani ni kwa sababu nilikuwa na ukurasa na watu sita wa kuwafuata, na mtu mwenye watu sita wa kuwafuata hana nafasi ya kukaa akijiuliza anaamini kiasi gani.

Mwezi Machi 2011 fomu ilikuja, na safari hii niliijaza nikiwa nimetulia, nikachora safu tatu kwa rula juu ya swali la nne, yupo kumi na sita, yuko ishirini na mmoja, yumo kumi na watatu, na sikujumlisha. Funguo hazikurudishwa. Miaka iliyofuata sakiti ilituma watu wa makanisa mengine madogo sita kuja kukaa na marehemu na kujifunza kupiga mistari, na ingawa moja kati ya sita lilifungwa baadaye, matano yapo, na wawakilishi wao wapo hapa leo. Sisi hatukuwahi kuwa kanisa kubwa. Jumapili iliyopita tulikuwa ishirini na watatu, dari bado linavuja, na kwaya iko vilevile.

Mwezi Oktoba 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo wake umetanuka. Hakuweza tena kwenda hospitalini Alhamisi, kwa hiyo darasa lilihamia nyumbani kwetu saa kumi jioni, na kwa kuwa watu wanatoka kazini na njaa tukawa tunamalizia na chakula cha saa kumi na mbili. Aliuliza aandikwe safu gani, nikamwambia yumo, akakataa, akasema, "Mimi niko kwangu na darasa liko kwangu, andika yupo." Alilazwa tarehe 26 Februari mwaka huu. Kitandani alitaka asomewe daftari kila jioni, na wauguzi wa wodi ile wakajikuta wameandikwa, wote, yuko, zamu.

Jumatano tarehe 13 Machi, saa ya kuona wagonjwa, alinishika kiganja, akaniambia maneno ambayo sasa ni ya mwisho kwangu, nami nayasoma kama alivyoyasema, kwa sababu si marefu. Alisema, "Kesho ni Alhamisi, usifute darasa kwa ajili yangu, pika wali wa kutosha, na mimi usiniandike hayupo mpaka uje uone." Nikasema, "Sawa, Mama." Akasema, "Na daftari ni lako, usimpe mtu mwingine, wewe hujui kujumlisha vizuri." Alifariki asubuhi iliyofuata, saa nne kasoro dakika tano, mwanawe akiwa kando yake.

Familia inamshukuru daktari wa moyo na wenzake, wauguzi wa wodi namba mbili, madobi wa hospitali ambao walimfunika kwa shuka walilolipiga pasi wao wenyewe na kuliandika daftarini mwao, majirani wa mtaa wetu ambao tangu Alhamisi hatujateka maji wala kuwasha jiko bila wao kututangulia, mlinda lango aliyebadilishana zamu ili awe hapa, dereva aliyegeuza lori njiani, msimamizi wa sakiti wa zamani na wa sasa, na wote ambao siwezi kuwataja, mmeandikwa.

Kabla sijakaa, nimalizie habari ya Alhamisi. Nilifika hospitali saa tano, nikaenda kwa miguu yangu mpaka chumba cha mwisho cha chini, kilicho jirani na chumba cha dobi, nikafunuliwa shuka, nikaona kwa macho yangu. Kwa kanuni yake mwenyewe nilikuwa na haki ya kuandika lile neno, na katika watu wote mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na daftari. Nikarudi nyumbani, nikashusha sinia kutoka juu ya friji, na sikukumbuka upande upi wa mchele nilikuwa nimeshauchambua, nikaupika wote. Saa kumi walikuja, wamevaa nguo za kazi, wakakaa. Nikaita majina, wakaitika. Nikafika kwenye jina lake, mkono ukasimama. Katibu akaniambia kwa sauti ya chini, "Andika yuko," nikamwuliza mahali niandike wapi, akasema, "Si mbinguni, dada?" nikamwambia, "Sijaenda kuona."

Nikainuka nikaenda chumbani kwake, nikavuta sanduku la madaftari chini ya kitanda, nikatafuta la mwaka 1979, mwezi Aprili, ukurasa wa watoto waliobatizwa, kwa sababu nilitaka kujua yeye alifanyaje. Kwenye jina la mwanawe wa miezi tisa, kwa wino wa bluu, aliandika yuko. Mahali alipaacha wazi. Nikatazama Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, mpaka Desemba, yuko, na nafasi tupu pembeni, hajaijaza na hajaifuta. Daftari la mwaka 2001, jina la mumewe, ni vivyo hivyo. Nikarudi sebuleni nikaandika kama alivyoandika yeye, yuko, nikaacha nafasi, na kila mmoja wetu ataijaza siku atakayokwenda kuona.

Kisha nikapakua chakula. Mlinda lango alitafuna jiwe kwenye tonge la kwanza, likasikika chumba kizima, akashika shavu akasema, "Nipo, nipo," na hapo ndipo watu walipocheka kwa mara ya kwanza siku ile, pacha wangu wakacheka, mume wangu akacheka akilia. Nilihesabu sahani, nikahesabu watu, kumi na wanane na kumi na wanane. Leo jioni baada ya maziko chakula kitakuwa hapahapa kanisani saa kumi na mbili, mchele nimeuchambua mara mbili, daftari litakuwa mezani karibu na mlango, na naomba kila mtu aitike kabla ya kuchukua sahani, aliye wa dhehebu hili na asiye.

Mama, umeandikwa, hakuna aliyeachwa, sisi tupo. Sasa pumzika.